Stelingi inayopiga kushoto na kulia baada ya shimo: Land Cruiser iliyorefushwa kwa kazi ya utalii

SWALI: Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha. Gari ninaloendesha ni Toyota Land Cruiser HZJ79 iliyonunuliwa ikiwa pikapu, ikakatwa na kurefushwa chasisi, kisha ikajengewa bodi ya abiria saba yenye paa la kuinuka. Mbele tulifunga springi ngumu zaidi, zikaliinua gari kama sentimita tano. Kwa miezi kadhaa sasa, nikiwa kwenye lami kati ya Makuyuni na Karatu kwa mwendo wa kilomita 70 hadi 80 kwa saa, tairi la mbele likigonga shimo au kiungo cha daraja, stelingi huanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu ambayo mikono haiwezi kuizuia, wala haitulii mpaka nishuke hadi 40. Tumebadilisha shokapu ya stelingi mara mbili na kubalansi matairi mara tatu. Kila mara gari hupona wiki mbili au tatu, halafu tatizo linarudi. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu dereva, jambo kubwa kuliko yote umeliandika mwenyewe bila kulisisitiza: kutikisika kunaanza baada ya mshtuko, na kukishaanza hakukomi mpaka upunguze mwendo. Tairi lisilobalansiwa halina tabia hiyo. Tairi la 7.50R16, ambalo ndilo magari mengi ya aina yako huvaa, lina kipenyo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo mzunguko wake ni kama mita 2.5, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huzunguka karibu mara 9 kila sekunde. Likiwa na uzito uliozidi upande mmoja litakutikisa mara hizo 9 kwa sekunde, uwe umepita shimo au hukupita, na mara nyingi hutulia ukizidisha mwendo kama linavyotulia ukipunguza. Kinachokupata wewe ni kingine. Magurudumu mawili yaliyofungwa kwenye ekseli moja nzima yanaanza kusukumana kupitia tairodi, yaani ile rodi inayoyaunganisha ili yageuke pamoja, na kwa kuwa mahali fulani kuna ulegevu, kila msukumo unarudi na nguvu kuliko ulivyokwenda.

Ndiyo maana shokapu mpya ya stelingi ilikupa nafuu ya muda. Kazi yake ni kumeza nguvu ya mitikisiko midogo, na ikiwa mpya inaweza kumeza hata ile isiyostahili kuwapo; ikishapigwa wiki mbili tatu na barabara ya changarawe kutoka geti la Loduare la Ngorongoro hadi geti la Naabi la Serengeti inachoka, na ulegevu uliokuwa umefichwa unajitokeza tena. Kubalansi nako kulipunguza kianzio cha mtikisiko, wala hakukuondoa chanzo chake. Niliwahi kupokea gari lililofungwa shokapu mbili za stelingi, moja juu ya nyingine, na mwenye gari akiuliza kama kuna nafasi ya kufunga ya tatu. Mkiona shokapu inamaliza tatizo, chukueni hilo kuwa ushahidi kwamba kuna kiungo kilicholegea, kisha endeleeni kukitafuta.

Kosa la kwanza ambalo mafundi wengi hufanya ni kuinua gari kwa jeki, kuvuta tairodi kwa mtaimbo na kutangaza kwamba kila kitu ni kizima. Gari likiwa hewani viungo havibebi mzigo, na vingine vinavyocheza vikiwa chini ya uzito vinaonekana vimekaza. Anzeni gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, breki ya mkono imevutwa, gia iko huru, na vizuizi vimewekwa mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Washeni injini ili pampu ya stelingi ifanye kazi, mtu mmoja azungushe usukani kushoto na kulia haraka haraka, kama robo ya mzunguko kila upande, wakati wewe umelala chini ukitazama na ukishika kila kiungo kwa kiganja, nguo zako na mikono yako vikiwa mbali na feni na mikanda. Kiganja huhisi mchezo wa milimita moja ambao jicho limeupita.

Katika mtindo huu wa Land Cruiser, unaotumia springi za koili mbele tangu mwaka 1999, mahali ninapopashuku kwanza ni panhadi, yaani ile nondo ndefu iliyolala kwa upana, mwisho mmoja ukiwa kwenye chasisi na mwingine kwenye ekseli. Hiyo peke yake ndiyo inayoizuia ekseli isihame kushoto na kulia chini ya gari. Usukani unapozungushwa, mpira wa bushi yake, ile bomba fupi yenye mpira inayopitisha boliti, unaruhusiwa kujinyonga kidogo, lakini boliti haipaswi kusogea ndani ya tundu lake hata kwa unene wa karatasi. Tazameni hasa upande wa chasisi. Kama tundu limeshakuwa na umbo la yai, kukaza boliti hakutasaidia, kwa sababu nati itabana mabano wakati boliti yenyewe inaendelea kuteleza kila gari linapopata mshtuko; hapo tundu linarekebishwa kwa kuchomelea bamba jipya lenye tundu la saizi kamili ya boliti, na kazi hiyo apewe mchomeleaji anayejua kupenyeza moto, si wa kupaka. Bushi mpya zikishaingia, boliti zikazwe mwisho gari likiwa chini, limebeba uzito wake. Zikikazwa ekseli ikining'inia, mpira unabaki umenyongwa muda wote na hupasuka mapema, nanyi mtarudi kulilaumu duka la vipuri.

Mkishaimaliza panhadi, kagueni kwa njia hiyo hiyo ncha za tairodi, ncha za rodi inayotoka kwenye boksi la stelingi, na boliti zinazolishikilia boksi lenyewe kwenye chasisi. Gari lililokatwa na kurefushwa lina sababu ya ziada ya kutazamwa hapo: osheni chasisi kuzunguka boksi kwa mafuta ya taa na brashi, kisha tafuteni mstari mwembamba wa kutu, ambao ndio dalili ya ufa. Lakini msikimbilie ile skurubu ya marekebisho iliyo juu ya boksi. Kuikaza kupita kiasi hufanya usukani usirudi katikati wenyewe baada ya kona, na huharibu boksi ambalo huenda halikuwa na kosa lolote.

Sasa inueni ekseli ya mbele kwa jeki, muiweke juu ya stendi imara, kisha mshike tairi juu na chini na kulitikisa kwa kulivuta na kulisukuma. Likicheza, msitaje jina la kifaa bado. Mwambieni mwenzenu akanyage breki kwa nguvu na aendelee kuikanyaga, halafu tikiseni tena. Breki ya diski inaifunga habu, yaani kitovu cha gurudumu, pamoja na nako, yaani ule mwili unaogeuka pamoja na gurudumu, hivyo ulegevu wa beringi za gurudumu unatoweka breki ikikanyagwa. Mchezo ukibaki vile vile, umetoka kwenye beringi za kingpini, zile mbili zilizo juu na chini ya ile tufe kubwa ya chuma mwishoni mwa ekseli. Jaribio hili linachukua dakika mbili, na limewahi kuwaokoa watu wengi gharama ya kununua beringi za upande usio na ugonjwa.

Beringi za kingpini zinastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndizo zinazosahaulika zaidi. Hazizunguki mzunguko kamili kama beringi za gurudumu. Hugeuka kidogo tu kila ukikata kona, na muda mwingi, hasa safari ndefu ya kunyooka, roli zake hugonga mahali pale pale. Baada ya miaka ya barabara mbovu, njia yake ya chuma hupata vijishimo pale zinapokaa stelingi ikiwa imenyooka. Fundi akigeuza nako kwa mkono atahisi kama kuna kituo kidogo katikati. Beringi ya namna hiyo inabadilishwa pamoja na kikombe chake, bila kuipaka grisi mpya na kuirudisha.

Hata hivyo beringi mpya peke yake haitoshi. Hizi hufungwa zikiwa zimebanwa kwa kiasi maalumu, na kiasi hicho hupangwa kwa shimu, vile vipande vyembamba vya chuma vilivyo chini ya vifuniko vya juu na chini. Msuguano unaotokana na kubanwa huko ni sehemu ya kinachoituliza stelingi baada ya shimo, kwa hiyo nako inayogeuka kwa kidole kimoja, hata kama haichezi kabisa, imefungwa vibaya. Namna ya kupima ni kutenganisha ncha ya tairodi, kuingiza ndoano ya mizani ya spring, ile ile ya kupimia mizigo sokoni, kwenye tundu la mkono wa nako, kisha kuvuta kwa pembe mraba na kusoma uzito unaoianzisha kugeuka. Linganisheni na kiwango kilicho kwenye kitabu cha ukarabati cha modeli yenu. Mkipunguza shimu, mbano unaongezeka. Angalieni pia kwamba shimu za juu na za chini zimegawanywa ili nako ikae katikati ya ekseli, kwa sababu ikiegemea upande mmoja shafti na sili ya mafuta zitaumia. Nimekuta shimu zilizokatwa kwa mkasi kutoka kopo la maziwa. Bati la namna hiyo huminyika baada ya safari mbili, na mbano wote unakwenda nalo.

Nikija kwenye zile sentimita tano mlizoinua, hapo ndipo gari lenu linapotofautiana na lile lililotoka kiwandani. Kasta ni pembe inayofanya mhimili wa kingpini uegemee nyuma kidogo kwa juu, na ndiyo inayoyarudisha magurudumu kwenye mstari, kama gurudumu la mbele la baiskeli linavyojinyoosha ukilisukuma. Katika mfumo huu ekseli imeshikwa na mikono miwili inayokwenda nyuma hadi kwenye chasisi. Chasisi ikipanda, mikono hiyo inainama na kuizungusha ekseli mbele, hivyo kasta inapungua. Gari lenye kasta ndogo huhisi jepesi mno kwenye usukani, hutangatanga kwenye lami, na huchelewa kutulia likishtuliwa. Lakini msiongeze kasta kwa kukisia. Gari lenu likibeba abiria saba, mizigo yao, maji na tairi mbili za akiba, nyuma hushuka. Tuseme gurudumu la mbele na la nyuma zimeachana mita 3.4 baada ya kurefushwa. Nyuma ikishuka sentimita 6, gari zima limeegemea nyuma kwa takriban digrii 1, na kasta imeongezeka kwa digrii hiyo hiyo. Kasta iliyozidi nayo huweza kuzidisha upigaji mnaoulalamikia. Kwa hiyo mkienda kwenye mashine ya alaimenti, pelekeni gari likiwa na uzito wa safari, hata kama ni mifuko ya mchanga juu ya viti, kisha mpime tena likiwa tupu. Kipimo kikiwa nje ya kiwango, marekebisho hufanywa kwa bushi zenye tundu lisilo katikati au kwa mabamba ya kuhamisha mikono.

Mkiwa hapo pimeni na umbali kati ya katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kushoto na kulia. Ikiwa tofauti inazidi milimita chache, mchomeleaji wa chasisi ana swali la kujibu.

Kuhusu matairi nitasema machache. Hamisheni ya mbele nyuma na ya nyuma mbele kabla ya kununua chochote. Tabia ikibadilika, kuna tairi lenye nyuzi zilizoachana ndani au rimu iliyopinda. Upepo uwe sawa pande zote mbili. Alaimenti ya kufungua au kufunga mbele ya magurudumu irekebishwe mwisho kabisa, baada ya viungo vyote kuwa vizima, kwa sababu kuipanga juu ya viungo vilivyolegea ni kuipanga kwa siku moja.

Mpaka hayo yafanyike, gari hilo lisibebe wageni. Na likikupiga ukiwa njiani, usipambane na usukani wala usikanyage breki kwa ghafla. Ushike imara bila kuukaza, ondoa mguu kwenye mafuta, na uliache lishuke mwendo lenyewe likiwa kwenye mstari wako.

Kazi ikikamilika, jaribio langu ni hili: fungueni shokapu ya stelingi, muiweke pembeni, kisha mpeleke gari tupu kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, mkianza kwa kilomita 40 kwa saa na kupanda kumi kumi, mkipita kwa makusudi juu ya kiungo kidogo cha lami. Stelingi ikitikisika mara moja au mbili kisha ikanyooka, ekseli imepona. Ikianza kupiga mfululizo, punguzeni mwendo hapo hapo na mrudi kwenye panhadi na kingpini, kwa sababu kuna kitu mmekipita. Ikiwa salama, rudisheni shokapu, hata ile mliyonayo sasa kama haivuji, na baada ya safari ya kwanza ya kwenda na kurudi Serengeti mkaze tena boliti za panhadi gari likiwa chini.