Jimny limenyanyuliwa, sasa usukani unatikisika

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Suzuki Jimny JB23 ninalotumia kupanda milimani Amani kufuata iliki na pilipili manga. Masika iliyopita lilikuwa linakwama tumbo kwenye tuta la katikati ya njia, nikamwomba fundi mmoja alinyanyue inchi 2. Akafunga springi ndefu na shokapu mpya. Mlimani sasa linapita vizuri, lakini nikishika lami kwenda Tanga linayumba, na nikikanyaga shimo nikiwa kwenye kilomita 60 usukani unatikisika mpaka nisimame. Fundi anataka kunifungia shokapu ya usukani. Nikubali?
*Msomaji, Muheza*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikubali kwanza. Shokapu ya usukani itauficha mtikisiko, na kilichouleta kitaendelea kula bushi (mipira ya kwenye maungio) na beringi chini kwa chini. Mpaka utengeneze, naomba gari hilo lisiende mjini. Barabara ile ina malori na mabasi, na usukani ukianza kupiga huna pa kukimbilia.

Ekseli ya mbele ya Jimny ni moja, ngumu, kutoka tairi hadi tairi. Inashikwa na mikono miwili inayorudi nyuma kwenye chesisi, pamoja na rodi moja inayokingama ili isiende kando. Chesisi ikipanda, mikono inainama zaidi na ekseli inazunguka kidogo. Kinachopotea hapo ni kasta, yaani ule mlalo wa kingipini (pini ambayo tairi hugeukia usukani ukikatwa) kuelekea nyuma, unaofanya usukani ujirudie wenyewe ukimaliza kona. Kwenye uwanja mtupu, kata kona polepole kisha legeza mikono. Usukani ukibaki ulipo, kasta imepungua, na kuyumba kwako kumeanzia hapo. Dawa yake ni bushi za kasta, ambazo tundu lake halipo katikati. Zinasukumwa kwa presi kwenye mikono, upande wa ekseli. Simama naye fundi anapozipanga, maana zikigeuzwa kinyume kasta inapungua zaidi.

Rodi ya kukingama nayo inavuta ekseli upande mmoja gari linapopanda. Funga nati kwenye uzi, uning'inize kutoka ukingo wa bodi juu ya tairi, upime hadi kwenye rimu, kulia na kushoto. Vipimo vikipishana milimita nyingi, nunua rodi inayorefushwa na kufupishwa.

Lakini mtikisiko wenyewe mara nyingi ni uchakavu. Springi mpya hazikuuleta, zimeuamsha tu. Gari likiwa chini na injini inawaka, mtu acheze usukani kushoto na kulia kidogo kidogo. Wewe shika ncha ya ile rodi ya kukingama, vidole vikiwa nusu juu ya bolti na nusu juu ya chuma cha rodi. Ukisikia bolti imecheza kabla ekseli haijafuata, bushi imekufa. Kisha nyanyua tairi kwa jeki, uweke stendi, ushike tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni beringi za kingipini, na hizo ndizo ninazozishuku kwako. Kagua tairodi pia, zile rodi zinazogeuza matairi, na balansi ya matairi.

Muulize fundi swali moja zaidi: bolti za mikono na za rodi alizikaza gari likiwa juu ya jeki, au limekanyaga chini? Watu wengi hawalijui hili, na linaniuma kuona bushi mpya zikichanika kwa sababu yake. Mpira wa bushi umeshikana na vyuma vyake. Ukikazwa ekseli ikining'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa, na kila tuta unazidi kusokoteka. Bolti zilegezwe, gari lishushwe, lisukumwe mbele na nyuma litulie, ndipo zikazwe. Kwetu huku pwani chumvi hugandisha bolti ndani ya bushi. Zipulizie dawa ya kutu usiku mmoja kabla, na asizikate kwa gesi karibu na mipira ya breki.

Mipira hiyo ya breki nayo ikaguliwe ekseli ikiwa imening'inia kabisa na usukani umekatwa hadi mwisho, pande zote mbili. Ikivutika, irefushwe siku hiyohiyo.

Usije ukashawishika kuongeza inchi ya tatu. Springi zimenyanyua bodi. Difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, lipo palepale lilipokuwa. Difu hunyanyuliwa na tairi tu. Ukitoka 175/80R16 kwenda 215/70R16 utapata kama milimita 10 chini ya difu, na mita ya spidi ikionyesha 80 utakuwa kwenye 82 hivi, tena lazima uhakikishe tairi halikwaruzi usukani ukikatwa. Kwenye tuta la katikati, panda kwa tairi za upande mmoja juu yake, difu lipite pembeni. JB23 lina upana wa milimita 1,475 tu, na kila inchi unayoliongezea juu inalisogeza karibu na kubiringika kwenye zile kingo za Amani. Magunia yakae ndani, si kwenye keria.

SWALI: Fundi, nimenyanyua pikapu yangu mbele tu ilingane na nyuma. Usiku kila ninayepishana naye ananimulika. Taa ni zilezile za kiwandani.
*Msomaji, Pangani*

JIBU: Ndugu yangu, ukinyanyua mbele peke yake pua inatazama juu na mwanga unafuata. Mafundi walioliunda waliacha nyuma juu kidogo makusudi, mzigo ukikaa gari lilale sawa. Weka mzigo wako wa kawaida, simama kwenye uwanja ulionyooka mita 5 kutoka ukutani, uwashe taa za chini. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka ardhini, uchore mstari ukutani kwa urefu huohuo, kisha zungusha skrubu ya taa mpaka ukingo wa juu wa mwanga ushuke sentimita 5 au 6 chini ya mstari.