Usipige laminesheni hizo picha za Apollo!

Mpigie huyo fundi wa laminesheni wa Nakuru sasa hivi, umwambie Jumamosi huendi. Umeuliza picha tano za Apollo (zile safari za mwezini za NASA, shirika la anga la Marekani) alizoacha marehemu babu yako zina bei gani, uziuze wapi, na kama uzipige laminesheni kwanza ndipo zivutie. Nilipofika kwenye laminesheni moyo ulinidunda, sikuendelea kusoma.

Mimi nilikuwa nayo moja. Baba alikuwa mwalimu Vihiga, akawaandikia NASA barua, wakamtumia ile picha ya Dunia ikichomoza juu ya mwezi, aliyoipiga William Anders akiwa ndani ya Apollo 8, tarehe 24 Desemba 1968. Ilikaa miaka yote kwenye bahasha ya kaki, ndani ya sanduku la bati. Juu kushoto, kwenye ukingo mweupe, ilikuwa na namba nyekundu: AS08-14-2383. Hiyo 08 ni safari, 14 ni kasha la filamu, 2383 ni picha yenyewe. Nyuma, ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, unaona maneno "A Kodak Paper" yamejirudia kwa rangi hafifu.

Mwaka 2019, Apollo 11 ilipotimiza miaka 50, nikataka kuitundika sebuleni. Fundi wa fremu hapa Kisumu akaniapia kwamba picha za kale ndiyo kazi yake. Akaukata ukingo wote, namba ikaenda nao, eti picha iijaze fremu. Kisha akaimwagia gundi nyuma na kuibandika kwenye ubao. Nilipomuuliza kuhusu yale maandishi akasema, "Hayo ni ya kiwanda tu, nani atayaona?" Na nikamlipa. Mpaka leo nikipita mbele ya duka lake damu inanichemka. Mtu hajui, si aseme hajui?

Mwaka uliofuata mkusanyaji wa Ujerumani, niliyekuwa nimemtumia picha ya mbele kabla ya fremu, akasema atalipa dola 1,500. Aliomba kitu kimoja: kuona nyuma. Nikamtumia ubao. Hakujibu tena. Nikajaribu kuibandua kwa uzi, taratibu, usiku kucha. Kona ya chini ikachanika hadi katikati ya mwezi.

Negativu, yaani filamu za asili, ziko NASA, na picha zao kwa kawaida hazina hakimiliki. Leo hii unaweza kuipakua Dunia ile ile bure na kuichapisha saiba. Kwa hiyo mnunuzi analipia karatasi ya wakati ule, na karatasi hujitambulisha kwa mgongo. "A Kodak Paper" ni ya mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70. "This Paper Manufactured by Kodak" huwa ya baadaye kidogo. Mihuri na maelezo yaliyopigwa taipu, yote yako huko nyuma. Mbele, ya kale na ya saiba zitafanana kama pacha.

Azima lenzi ya fundi saa pia. Ukiona vitone vya rangi, hiyo ni chapa ya mashine. NASA waligawa nyingi sana na hazina bei kubwa. Hata hizo usizibandike.

Zishike pembeni kwa mikono mikavu, kila moja bahasha yake, na usiandike chochote nyuma kwa biki. Kisha zigeuze zote tano, uzipige picha migongo, uziweke hapa usiku huu huu.