Tanga kwa siku nne: panda na Mto Zigi, bahari ipangie kwa bamvua

Mkuu, umeuliza kama Tanga inastahili siku nne nzima au ulale usiku mmoja tu kisha upande Lushoto. Waliotangulia kukujibu wanasema mji umelala, hauna fukwe na hauna cha kuona. Mimi nimefanya kazi Tanga miaka mingi, na ndugu zangu wakija likizo ndiko ninakowatembeza. Nitakujibu kwa kirefu, maana mji huu unasingiziwa.

Wageni wengi huhesabu mji, bahari na milima kama safari tatu zisizohusiana. Sasa fikiria maji utakayooga gesti. Yanatoka Mto Zigi, yakakingwa bwawa la Mabayani kabla ya kuingia kwenye mabomba ya jiji. Zigi nao unaanzia juu kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, unashuka kupitia mashamba ya Muheza na kuingia baharini kaskazini ya mji. Kwa hiyo ninachokushauri ni kuanza mjini, kupanda na mto hadi msituni, kisha kushuka Pangani kumalizia baharini. Ukienda hivyo kila unachokiona kinakuandalia kinachofuata.

Mjini panatosha siku moja, nayo iwe ya miguu au baiskeli. Tanga ni tambarare, na baiskeli ni usafiri wa kila mtu, kuanzia fundi hadi mwalimu. Anzia Boma la zamani la Wajerumani, siku hizi ni makumbusho ya Urithi, ukatazame picha za mji wa zamani na za reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893 ikafika Moshi 1911. Fuata pwani kupitia Bombo hadi Raskazone. Huko ndiko Waingereza walikoshusha majeshi yao kutoka India mwezi Novemba 1914, wakapigwa na Wajerumani na askari wao Waafrika, na katikati ya mapigano nyuki wakatoka mizingani na kushambulia pande zote. Jioni rudi Ngamiani, kwenye barabara zinazoitwa kwa namba, upate kahawa chungu na kashata barazani. Salimia kwanza, kaa, sikiliza. Watu wa Tanga hawana haraka, na ukienda nao kwa mwendo wao watakueleza mengi kuliko kitabu chochote cha watalii.

Kuhusu kuogelea mjini, ni kweli hakuna mchanga mpana. Ghuba ina mikoko na matope, na maji yakipwa hutapenda kuingia. Lakini wanaolalamika wengi huenda saa mbaya. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hukauka sana kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, halafu hujaa kati ya saa 9 na saa 11 jioni. Nenda Raskazone saa 10 jioni siku kama hiyo, utakuta bahari imefika kwenye ngazi, safi, na watoto wanaruka. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na saa zinageuka. Muulize mvuvi yeyote soko la samaki la Deep Sea, atakwambia saa bila kutazama chochote.

Siku ya pili nenda Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini, njia ya Horohoro. Mapango ni ya mawe ya chokaa, na utaingia na kiongozi mwenye tochi. Vaa viatu vinavyoshika, maana kuna sehemu za kuinama na kutambaa. Humo ndani kuna mahali pa mizimu ambapo watu bado wanaleta sadaka na kuomba. Usipige picha za watu wakiwa kwenye shida zao, na usiguse kilichoachwa. Ukitoka, omba upelekwe chemchemi za salfa za Galanos, ambako watu huoga kwa ajili ya magonjwa ya ngozi. Harufu ni kali ila unaizoea. Zigi unapita jirani na hapo, mpana na mzito, mara nyingi una rangi ya udongo. Usimame kidogo uuangalie, kwa sababu kesho yake utakutana nao ukiwa mwembamba na maji yake yanaonyesha mawe.

Kesho yake ndiyo Amani, na hapa nakuomba usibanie muda. Panda gari hadi Muheza, kama kilomita 40, nunua machungwa stendi, kisha uulizie gari la Amani au uchukue bodaboda ya mtu anayeijua njia. Kama ni masika, Machi hadi Mei, ile barabara ya mlimani inateleza vibaya, na ningesubiri kukauke kuliko kulazimisha. Utaingilia lango la Zigi, ambako nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni imegeuzwa kituo cha habari cha hifadhi. Ndiyo, treni ilifika huku. Wajerumani walijenga kireli chembamba kuja kuchukua magogo, na msitu unaouona leo ni ule ulionusurika na shoka hilo pamoja na mashamba ya chai yaliyofuata. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997. Bustani ya mimea iliyo juu ni ya tangu 1902, na miti iliyoletwa wakati ule kutoka mabara mengine imesimama hadi leo, mikubwa ajabu.

Mchukue kiongozi wa pale pale, kijana aliyekulia vijijini mwa hifadhi. Ukienda peke yako utaona ukuta wa majani na kusikia kelele. Ukiwa na yeye atakusimamisha ghafla na kukuonyesha kinyonga dume mwenye pembe tatu puani, kanata kwenye kijiti hatua moja kutoka ulipo. Atakuokotea tunda la msambu chini ya mti, zito, limejaa mbegu ambazo wanakijiji hukusanya na kuuza kwa ajili ya mafuta. Mbega utawasikia kabla hujawaona. Hondohondo wakipita juu mabawa yao yana mvumo mkubwa hadi unainua kichwa bila kutaka.

Kuna ua dogo la zambarau ambalo lazima uombe kuonyeshwa. Linaota kwenye nyufa za mawe yenye kivuli karibu na vijito, majani yake manene yana manyoya laini. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Leo limo kwenye vyungu madirishani mwa mamilioni ya watu Ulaya na Marekani. Kwao, kwenye jiwe lake lenye unyevu, limebaki sehemu chache, na msitu unaolizunguka ukikatwa jiwe linakauka na ua linakufa. Usichume hata jani.

Lala huko huko, nyumba za wageni za hifadhi zipo Zigi na Amani juu. Amani ni takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta na koti la mvua hata kama mjini ulikuwa unatokwa jasho. Asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado kwenye miti, shuka hadi kijito kilicho karibu. Ndiyo maji uliyooga gesti kule mjini. Wakulima wa iliki na mdalasini wa milima hii wakilima hadi ukingoni mwa mto, Mabayani inapokea tope, na mji mzima unalipa. Kwa hiyo ukinunua viungo, nunua kwa mkulima mwenyewe, na mwulize anavyolima. Watu hao wanafanya kazi kubwa ambayo sisi wa mjini hatuioni.

Kutoka Muheza rudi Tanga, ushike njia ya Pangani. Kilomita 17 hivi kusini ya Tanga kuna magofu ya Tongoni, usiyapite. Ni msikiti wa kale na makaburi ya nguzo mengi kwa pamoja, na kwenye baadhi ya nguzo utaona vishimo vya duara vilivyokuwa vimepachikwa sahani za Kichina. Vasco da Gama alipita maji haya Aprili 1498, na mwaka uliofuata akiwa anarudi aliichoma meli yake moja, São Rafael, kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Bahari ya mbele yako ni sehemu ya hifadhi ya silikanti, iliyoanzishwa 2009 baada ya wavuvi wa nyavu za jarife kuanza kunasa samaki huyo ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria. Anaishi kina kirefu, wewe hutamwona, lakini waulize wavuvi wa Kigombe.

Pangani mjini pita polepole. Ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza wapwani kuwapinga Wajerumani, aliponyongwa nao Desemba 1889, na nyumba nyingi za wakati ule bado zimesimama, ingawa nyingine zinabomoka na inaniuma kila nikizipita. Vuka mto kwenda Bweni, endelea hadi Ushongo. Huo ndio mchanga uliokuwa unautafuta, na minazi yake.

Kutoka Ushongo kodi boti kwenda Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Miti iliisha, bahari ikakila, kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa kabisa maji yakijaa. Kasa bado wanakwenda kutaga pale kama mama zao, na kwa kuwa mayai yangezama, wanakijiji huyafukua kwa mikono, huyapeleka na kuyafukia Ushongo hadi yaanguliwe, baada ya miezi miwili hivi. Ukibahatika kufika siku wanapoanguliwa, wasindikize hadi majini bila kuwashika na bila kuwamulika tochi. Matumbawe ya Maziwe ni mazuri, ingawa kuna sehemu za mwambao huu zilizovunjwa na uvuvi wa baruti na hazijapona.

Maziwe haitaki kubahatisha. Siku ya bamvua ondoka asubuhi mapema, fungu liwe wazi mnapofika, na nahodha akisema tuondoke, ondokeni. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka, kwa hiyo usimlazimishe nahodha asiyetaka. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ni tulivu zaidi na maji yanaona hadi chini, ila joto la mjini ujiandae nalo.

Taja tarehe zako, mkuu, niangalie bamvua inaangukia lini. Ikiwa mwanzoni mwa safari yako, basi tugeuze ratiba, Pangani itangulie na Amani iwe mwisho.