Maswali ya Wasomaji: Mirehani Miwili, Harufu Mbili

Swali: Ndugu Mhariri, nimeotesha mirehani kutoka pakiti moja ya mbegu. Kwa macho yote inafanana, lakini baadhi inanukia karafuu na mingine shamari. Ninakusudia kukeneka mafuta ya kuuza. Je, kasoro ni udongo, na kipimo cha vinasaba kitanisaidia kuchagua? Msomaji, Muheza.

Jibu: Ndugu msomaji, usiulaumu udongo. Udongo, jua na wakati wa kuvuna hubadilisha zaidi wingi wa mafuta na uwiano wa viambato vyake, ilhali aina ya kemikali ambazo mmea unaweza kuzitengeneza katika vifuko vidogo vya majani yake huamuliwa na urithi. Harufu ya karafuu hutokana na eujenoli, na ile ya shamari kwa kawaida hutokana na estragoli. Tofauti ya kijenetiki inaweza kuwa ndogo ajabu: mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kemikali) cha mrehani kinachotengeneza estragoli, kikibadilishwa asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini hiyo, huanza kupendelea eujenoli kama malighafi. Tena nyuki huchanganya chavua, kwa hiyo mbegu za bustani yenye aina nyingi huzaa watoto wasiofanana.

Kuhusu kipimo, gharama hiyo ningeiahirisha. Kipimo cha kawaida cha kutambua spishi husoma kipande kifupi cha DNA, yaani vinasaba. Kinaweza kutenganisha mrehani na jamaa zake, kama ule wenye kafuri ambao wakulima wa Kakamega huukeneka kwa ajili ya dawa ya kuchua, lakini mirehani yako huenda yote ikasomeka kuwa spishi moja. Kilichomo katika chupa hujulikana kwa kupima mafuta yenyewe kwa kromatografia ya gesi, njia ya maabara ya kutenganisha viambato na kuvipima. Ikiwa bado utapeleka majani kwa kipimo cha DNA, chuma machanga na uyakaushe upesi, kwani kemikali ziitwazo fenoli na utomvu wa majani yaliyokomaa hung'ang'ania DNA na kuvuruga kazi ya maabara.

Mimi ningechagua wenye harufu ya karafuu, kwa sababu estragoli kwa dozi kubwa imesababisha uvimbe wa ini kwa panya. Hata hivyo eujenoli nayo huwasha ngozi, basi usiyauze mafuta hayo bila kuyazimua wala kwa kunywa. Uzidishe mmea huo kwa vipandikizi badala ya mbegu, uvune unapochanua, na mafuta ya kila mmea mama uyaweke chupa yake hadi majibu ya maabara yatoke.