Matembezi ya kundi Bunkeya: anzeni na mashamba

Wakazi wengi wa Lubumbashi wanaokwenda Bunkeya, kijiji cha kusini mwa Kongo, hukimbilia habari za Mwami (yaani mfalme) Msiri na kuyapita mashamba bila kuyatazama. Mimi huwasindikiza vijana wa parokia yetu, na ushauri wangu ni kwamba kundi lianzie mtoni, lipite mashambani, ndipo liingie kijijini, kwa sababu historia ya Bunkeya haieleweki bila chakula chake.

Msiri, aliyetoka Usumbwa katika Tanzania ya leo, alijenga hapo makao makuu ya ufalme wake wa Garenganze, mji ulioishi kwa biashara ya shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa, na wakazi wake wote walipaswa kula. Alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, nchi ilikuwa na njaa, ambayo baadaye iliwaangamiza hata wapagazi wengi wa msafara huo. Mkulima anapowaeleza vijana kwamba mwezi Desemba mahindi bado ni machanga na akiba ya mwaka uliopita inakwisha, huielewa tarehe hiyo kwa namna ambayo darasani hawakuipata.

Nendeni kati ya Juni na Agosti, wakati barabara kutoka Likasi ni kavu na mboga za kando ya maji zimestawi. Bebeni makoti, kwani alfajiri huwa na baridi kali. Mtu mzima anayeheshimika atangulie kwa mkuu wa kijiji kuomba ruhusa, na makaburi yasipigwe picha kabla ya wenyeji kukubali.

Shambani tembeeni kwa mstari mmoja, nyuma ya mwenye shamba. Matuta ya lengalenga (mchicha) huzungushiwa kingo ndogo za udongo ili maji yasitoroke. Kisigino kimoja kikiubomoa ukingo, maji ambayo mama amepanda nayo kutoka mtoni, dumu kwa dumu, humwagika njiani, na miche ya mwisho wa tuta hukosa. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa kuwa jasho hilo ndilo linalosomesha watoto wake.

Nunueni mboga zake kwa bei anayoitaja, na mpange mapema nani atazibeba, maana njia ya kurudi Likasi ni ndefu na lengalenga hunyauka upesi zisipofunikwa kwa kitambaa chenye maji.