Dari Yako ni Sakafu ya Jirani: Maswali ya Wakazi wa Maghorofa

Tangu Tanzania Bara ilipotunga sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, mtu anaweza kuwa na hati ya fleti moja katika ghorofa ya saba, kama mwenzake alivyo na hati ya kiwanja chake Kimara. Zanzibar ilitunga ya kwake mwaka 2010, na Kenya ikaiandika upya ya kwake mwaka 2020. Tofauti ni kwamba mwenye kiwanja anaweza kujenga ukuta akajifungia, ilhali mwenye fleti amenunua, pamoja na vyumba vyake, fungu la ngazi, paa, mabomba na lifti ambazo hawezi kuzitenga na za wengine. Nimekuwa katibu wa kamati ya wamiliki katika jengo la ghorofa kumi jijini Dar es Salaam kwa miaka sita, na maswali ninayoyajibu leo karibu yote yanahusu fungu hilo.

*Ninaishi ghorofa ya chini kabisa. Kila mwezi ninadaiwa mchango wa lifti ambayo sijawahi kuipanda. Je, hii ni haki?* (Mmiliki, Upanga)

Ndugu yangu, swali lako huulizwa katika kila mkutano mkuu wa wamiliki niliowahi kuhudhuria, na halistahili kujibiwa kwa hasira, kwa sababu ni kweli kwamba miguu yako haiingii ndani ya lifti hiyo. Hata hivyo, ada ya huduma si nauli. Fundi anayekwenda kusafisha tangi lililo juu ya paa, ambalo maji yake ndiyo yanayotoka bombani kwako, hupanda na vifaa vyake kwa lifti hiyo hiyo. Jirani wa ghorofa ya kumi naye angeweza kukuuliza kwa nini achangie uzibuaji wa chemba ya maji machafu, ambayo ikifurika humwagika mlangoni kwako na wala haimfikii yeye. Kwa kawaida mchango wa kila mmiliki hulingana na fungu lake katika eneo la pamoja, bila kujali anatumia nini. Kama mnaona hesabu hiyo inawaonea wa chini, pelekeni hoja kwenye mkutano mkuu na mrekebishe kanuni za jengo kwa utaratibu wake. Kuacha kulipa kimyakimya si njia.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili, kwa kuwa nimeona linavyouma. Kuna mwaka pampu yetu iliungua wakati lifti nayo ikisubiri kipuri, na mfuko wa jengo haukuwa na kitu kwa sababu karibu nusu ya wamiliki walikuwa hawajalipa. Kwa siku nne tulipandisha madumu ya lita 20 kwa ngazi. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima, mkazi wa ghorofa ya nane, amesimama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, dumu ameliegemeza ukutani na kanga imelowa begani, akihesabu kwa sauti ya chini ngazi zilizobaki. Tangu siku hiyo sijawahi kuona haya kugonga mlango wa mtu kumkumbusha ada.

Madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko hayo. Katika mji wa Surfside, jimbo la Florida nchini Marekani, sehemu ya jengo la fleti la ghorofa 12 lililojengwa mwaka 1981 iliporomoka usiku wa tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Mhandisi alikuwa ameandika ripoti tangu mwaka 2018 akionyesha kwamba kinga ya maji katika eneo la bwawa la kuogelea ilikuwa imeshindwa kazi na kwamba zege lilikuwa limeanza kuharibika. Wamiliki walibishana kwa muda mrefu juu ya gharama za ukarabati, na kufikia mwaka 2021 zilikuwa zimefika takriban dola milioni 15. Kwa nini jengo lile lilianguka ni suala la wahandisi. Ninachokisema mimi ni kwamba fedha za ukarabati zilikuwa bado zinajadiliwa wakati watu wamelala ndani. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilitunga sheria ya kulazimisha ukaguzi wa majengo ya aina hiyo na akiba ya matengenezo makubwa. Kwetu pia, kamati isiyotenga akiba kila mwezi, hata iwe ndogo, haijafanya kazi yake.

*Maji yanadondoka kutoka kwenye dari ya choo changu. Jirani wa juu anasema nimtafute fundi mwenyewe. Nani anapaswa kulipa?* (Msomaji, Kinondoni)

Kabla ya kuuliza nani analipa, tafuteni maji yanatoka wapi. Bomba la wima linalohudumia fleti nyingi ni mali ya jengo, kwa hiyo likitoboka gharama ni ya mfuko wa pamoja. Kiungo kilicho ndani ya fleti ya juu, au sakafu ya bafu iliyopoteza kinga yake ya maji, ni jukumu la mwenye fleti hiyo, pamoja na kurekebisha dari yako iliyoharibika. Fungeni koki zote za fleti ya juu na kutazama mita: ikiendelea kuzunguka, bomba la ndani linavuja. Ikiwa imetulia, ziba tundu la bafu, mwaga maji yaliyotiwa rangi ya chakula, kisha shuka uangalie dari yako baada ya saa chache. Sisi tulitumia rangi nyekundu, na doa la waridi lilipojitokeza kwenye plasta ya chini ubishi wa miezi mitatu uliisha palepale. Jirani yako analazimika kumruhusu fundi aingie akipewa taarifa mapema. Mwandikieni kupitia kamati, ambatanisheni picha zenye tarehe, na nendeni kwake kwa upole, kwani mara nyingi mtu wa juu hana habari kabisa ya kinachotokea chini ya miguu yake.

*Ninataka kuvunja ukuta kati ya sebule na jiko ili nipate nafasi zaidi. Fleti ni yangu na nina hati. Je, ni lazima niombe ruhusa?* (Mmiliki, Mikocheni)

Ndiyo, ni lazima, na usiguse hata tofali moja kabla ya kuipata. Hati yako inakupa nafasi iliyo kati ya kuta. Nguzo, mihimili na kuta zinazobeba uzito zinamshikilia kila mtu aliye juu yako. Mwone mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, apitie michoro ya jengo na aandike kwa mkono wake kama ukuta huo unabeba au haubebi, kisha upeleke andiko hilo kwa kamati na kwa halmashauri ili upate kibali. Fundi anayegonga ukuta kwa ngumi na kusema "huu ni wa kawaida tu" hajafanya ukaguzi. Wakazi wa Dar es Salaam hatujasahau Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka asubuhi na kuua watu zaidi ya 20, wengi wao wakiwa katika shughuli zao za biashara.

*Shikamoo, Mama. Nilichelewa kulipa ada kwa miezi miwili, nikakuta jina langu, namba ya fleti na kiasi ninachodaiwa vimebandikwa ndani ya lifti. Watoto wangu wamelisoma. Je, wana haki hiyo?* (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kwa maoni yangu hawana. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kamati ya jengo inayotunza majina, simu na madeni ya watu inapaswa kuyashika kwa uangalifu kama mwingine yeyote. Dai hupelekwa kwa mdaiwa mwenyewe, kwa barua iliyofungwa au ujumbe wa simu, na katika mkutano hutajwa jumla ya madeni ya jengo. Waandikie uwaombe waliondoe. Hata hivyo deni linabaki palepale: katika barua hiyohiyo pendekeza tarehe na kiasi utakachokuwa ukipunguza, nasi tulio kwenye kamati tujifunze kwamba mtu aliyeaibishwa mbele ya wanawe hulipa kwa kinyongo au hahudhurii tena mkutano.

*Matangazo ya kamati yetu huandikwa hivi: "Lifti mbovu. Tuvumiliane." Je, tangazo linapaswa kuandikwaje?* (Mpangaji, Kariakoo)

Tangazo la jengo linapaswa kumwezesha msomaji kupanga siku yake. Hili ni moja tulilobandika sisi: "Jumanne, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, lifti ya upande wa bahari itazimwa ili ibadilishwe kamba. Lifti ya pili itaendelea kufanya kazi. Mwenye mgonjwa au mzigo mzito amwone mlinzi wa zamu. Katibu, ghorofa ya pili." Mna siku, saa, sababu, njia mbadala na mtu wa kumwendea. Liandikwe kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu walinzi na wadada wa kazi ndio wanaolihitaji zaidi, na libandikwe getini, kwenye lifti na kwenye mlango wa ngazi, maana si kila mkazi yumo kwenye kundi la WhatsApp. Kazi ikiisha, libanduliwe siku hiyohiyo. Watu wakizoea kuona makaratasi ya mwaka jana ukutani, la leo hawatalisoma.

*Je, ninaruhusiwa kumchinja mbuzi wa Idi katika roshani yangu?* (Msomaji, Ilala)

Roshani haifai: damu na mafuta huziba bomba la pamoja, na maji ya kuoshea huwadondokea wa chini. Mpeleke machinjioni, au iombe kamati sehemu ya uwanja kwa saa maalumu, usafishe mwenyewe. Kwetu tunafanya hivyo hata kwa turubai la msiba, ambalo hatulitozi chochote.

*Jirani ameegesha pikipiki na kabati la viatu kwenye ngazi, na mwingine anahifadhi mitungi mitatu ya gesi kwenye korido. Nikisema naonekana mgomvi.* (Mkazi, Temeke)

Sema, na useme kwa maandishi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja koridoni haipandi ikapotea: huteremka kwenye ngazi na kwenye shimo la lifti, ikasubiri cheche. Ngazi nazo ndiyo njia pekee moto ukiwaka, kwani lifti haitumiki wakati huo, na pikipiki moja yenye petroli tangini inatosha kuifunga njia hiyo kwa moto na moshi. Kamati impe kila mmoja tarehe ya kuondoa vitu vyake, na ikipita viondolewe. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe katika kila ghorofa, na mlinzi wa zamu awe na orodha ya wakazi wasioweza kushuka ngazi bila msaada. Yetu ina majina manne, na kando ya kila jina pameandikwa namba ya fleti ya jirani aliyekubali kuugonga mlango huo kwanza.