Maswali na majibu: usaili wa viza ya mume au mke katika ubalozi wa Marekani

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zimetoka kwa watu wanaosubiri kuitwa ubalozini kwa usaili wa viza ya kumfuata mume au mke Marekani, na baadhi yao wameshatoka huko wakiwa na karatasi wasiyoielewa. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, nikazifupisha bila kugusa maana yake.

Swali: Usaili wangu umepangwa baada ya wiki tatu. Mume wangu ni raia wa Marekani na ndiye aliyeniombea. Tangu nipate barua ya mwito silali vizuri, kwani naambiwa maswali hayana idadi, na kwamba ukikosea moja tu umekwisha. Hasa hutokea nini mle ndani?

Jibu: Dada yangu, kwanza ondoa akilini ile picha ya chumba kilichofungwa na watu wawili wakikukazia macho. Katika balozi nyingi za Marekani utasimama mbele ya dirisha la kioo, utamsikia afisa kupitia kipaza sauti, na nyuma yako watakuwa wameketi watu wengine wakingoja namba zao ziitwe. Karani atapokea hati zako halisi na utachukuliwa alama za vidole. Afisa atakutaka uinue mkono wa kulia na kuapa kwamba utakayoyasema ni kweli, kisha ataanza kuuliza, na mara nyingi mazungumzo yote huchukua dakika chache tu.

Jambo ambalo waombaji wengi hawaambiwi ni kwamba afisa huyo haanzi kuijua ndoa yenu siku ile. Mbele yake ipo fomu I-130, yaani ombi la kukuita, aliyoijaza mume wako zamani kidogo, na ipo fomu DS-260, yaani maombi ya viza yenyewe, uliyoijaza wewe baada ya ombi kufika Kituo cha Taifa cha Viza kule Portsmouth, New Hampshire. Kazi yake ni kulinganisha maandishi hayo na maneno ya kinywa chako. Kwa hiyo maandalizi yenye faida kuliko yote ni wewe na mumeo kuchukua nakala za fomu hizo, hata kama ni kwa simu, mkazisoma mstari kwa mstari. Msisome ili mkariri. Someni ili mgundue palipoandikwa jambo lisilo sawa: tarehe iliyogeuzwa, anwani ya zamani, au mwezi wa talaka ya kwanza uliokosewa.

Maswali yenyewe ni ya nyumbani. Mlikutana wapi? Nani alitangulia kuzungumzia ndoa? Mwenzako aliwahi kuoa, na ndoa hiyo iliishaje? Ana watoto? Anaishi na nani, anafanya kazi gani, mlionana mara ya mwisho lini? Mtu anayeishi katika ndoa yake anayo majibu haya bila kuyasomea, na kinachowaangusha wengi ni majibu waliyofundishwa na mtu mwingine. Nilipokuwa nikimwandaa mwanamke mmoja nilimuuliza mshahara wa mumewe, nikaona macho yake yanatafuta tarakimu hewani. Hawakuwahi kulizungumza. Nilimwomba aniambie anachokijua, akasema mumewe hufanya zamu ya usiku, hutoka kazini wakati yeye anaamka, na kila siku huzungumza naye akiwa kwenye basi mpaka anaposhuka. Nikamwambia ajibu hivyo hivyo. "Sijui kiasi, lakini najua hiki" ni jibu kamili, na hakuna anayenyimwa viza kwa kutokujua tarakimu moja. Tarakimu ya kubuni, ambayo hati za kodi za mumewe zingeikanusha papo hapo, ingemdhuru zaidi.

Swali: Mimi na mke wangu tumeonana ana kwa ana mara tatu tu, kila mara wiki mbili. Nimechapisha kurasa 400 za mazungumzo yetu ya WhatsApp. Zitatosha kuwa ushahidi?

Jibu: Ndugu yangu, hakuna afisa atakayesoma kurasa 400, na bunda hilo linaweza kuifunika karatasi moja ambayo ingekusaidia. Chagua kurasa chache kutoka kila kipindi cha uhusiano wenu: za mwanzo, za siku mlipogombana au mmoja wenu alipougua, na za siku isiyo na tukio lolote, ambapo mnaulizana tu kama kodi ya nyumba imelipwa. Kurasa za siku kama hiyo zina uzito kuliko salamu mia za mapenzi.

Kisha tanguliza ushahidi ulioandikwa na watu wengine bila kujua kwamba mtautumia: mihuri ya pasipoti, tiketi za ndege zilizotumika, kumbukumbu za fedha mlizotumiana, jina lako kwenye bima yake au kwenye fomu ya mrithi kazini kwake. Mara tatu si aibu ikiwa tarehe za safari zinalingana na pasipoti na ikiwa unaweza kueleza kwa nini hazikuwa nyingi zaidi, kwa mfano likizo fupi au nauli. Kuhusu picha, punguza zile za harusi. Niliwahi kuona jalada lenye picha moja isiyopigwa kwa ajili ya jalada: mama mkwe ameinama nyuma ya bwana, anampimia shati mgongoni, na bwana kasimama kama mtoto wa shule, mikono imenyooka. Picha ya namna hiyo, ikiwa na tarehe na majina ya waliomo yameandikwa nyuma, inasema familia inajuana.

Swali: Tulifunga ndoa ya kidini mwaka 2021, tukaisajili serikalini mwaka 2023. Fomu inasema 2023, picha zinasema 2021. Nitaonekana mwongo?

Jibu: Hutaonekana mwongo ukilieleza kabla halijageuka kuwa fumbo. Mimi mwenyewe niliwahi kujikanyaga hapo hapo: nilipoulizwa tulioana lini nilitaja siku ya sherehe, cheti kikasema siku nyingine, na nikalazimika kueleza huku sauti ikitetemeka jambo ambalo lilikuwa rahisi kabisa. Sema tarehe zote mbili kwa sentensi moja, na useme ipi ni ya cheti. Sheria ya Marekani huitazama ndoa kwa kanuni ya mahali ilipofungwa: ikiwa mamlaka za nchi ile zinaitambua, kwa kawaida nayo huitambua. Wapo watakaosoma hapa ambao ndoa yao ilifungwa kwa simu au kwa wakala, mmoja wao akiwa mbali. Hao wajue kwamba ndoa ya namna hiyo haihesabiki kwa ajili ya viza mpaka wawili hao wawe wamekutana kimwili kama mume na mke baada ya kufungwa kwake, kwa hiyo wabebe uthibitisho wa safari iliyofuata baada ya ndoa.

Swali: Nina mtoto wa miaka tisa niliyemzaa kabla ya ndoa. Mume wangu anamjua na anampenda. Lakini aliyetujazia fomu alisema tusimwandike kwa kuwa hasafiri nami sasa. Usaili ni mwezi ujao. Nifanye nini?

Jibu: Mama, hili ndilo swali lililonikosesha raha kuliko yote, na nakusihi ulishughulikie leo. DS-260 inauliza watoto wote, wawe wanasafiri au hawasafiri, wawe wanaishi nawe au kwa bibi yao. Aliyewashauri hakuweka sahihi yake popote. Sahihi ni yako, na kiapo cha dirishani kitakuwa chako.

Waandikie ubalozi kabla ya siku ya usaili, ukitaja namba ya jalada lako, useme kwamba mtoto aliachwa kwa makosa na kwamba unaomba fomu isahihishwe. Siku yenyewe, beba cheti chake cha kuzaliwa na ulitaje jambo hilo mwanzoni kabisa, kabla hujaulizwa na kabla ya kutia sahihi mbele ya afisa. Kosa linalosahihishwa na mwenyewe kwa hiari na kwa wakati ni tofauti sana na kosa linalogunduliwa. Mtu akithibitika kusema uongo kwa makusudi juu ya jambo lenye uzito, sheria ya uhamiaji ya Marekani humfungia mlango maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu ambao si rahisi kuupata.

Lipo na la pili, nalo ni la mtoto mwenyewe. Mke wa raia wa Marekani hawezi kumbeba mtoto ndani ya ombi lake. Kila mtoto anahitaji I-130 yake. Kwa kuwa ndoa yenu ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18, mume wako anaweza kumwombea kama mtoto wa kambo. Sasa fikiria siku atakapoleta ombi hilo huku jalada la mama likisema hana mtoto. Mngekuwa mmempa mtoto wa miaka tisa mzigo wa kuthibitisha kwamba yupo.

Swali: Nina miaka 46, mume wangu ana 31. Rafiki zangu wanasema afisa atanidhalilisha.

Jibu: Hakuna kifungu cha sheria kinachoweka kikomo cha tofauti ya umri. Swali huenda likaja, na najua linachoma, hasa linapotoka kwa mtu mwenye umri wa mdogo wako. Lijibu kwa ufupi, bila kujitetea: mlivyojuana, familia ya kila upande ilisema nini, na mmezungumza nini kuhusu watoto. Sheria humtaka mwombaji ndiye athibitishe kwamba ndoa ni ya kweli, kwa hiyo swali gumu si hukumu.

Swali: Mume wangu anaweza kuingia nami? Na Kiingereza changu ni kidogo.

Jibu: Halazimiki kuwepo. Baadhi ya balozi humruhusu, nyingine hapana. Soma maelekezo ya ubalozi wako mwenyewe, humo humo utaona pia kwamba simu kwa kawaida haziingii. Lugha haipimwi katika viza hii, tofauti na Ujerumani, ambako mwenzi kwa kawaida hutakiwa kuonyesha Kijerumani cha kiwango cha A1. Uliza mapema kama utasailiwa kwa lugha yako, na usijibu swali ambalo hukulielewa. Omba lirudiwe.

Swali: Daktari wangu wa siku zote anaweza kunipima afya?

Jibu: Hapana. Ni madaktari walioidhinishwa na ubalozi pekee. Upimaji unahusisha chanjo na, kuanzia umri wa miaka 15, picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu. Ufanye kabla ya usaili, na ukikabidhiwa bahasha iliyofungwa, usiifungue.

Swali: Mke wangu anapata kipato kidogo. Tutakataliwa?

Jibu: Katika fomu ya udhamini, I-864, mdhamini, yaani mkeo aliyekuombea, huonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali ya Marekani kila mwaka, kwa kuhesabu watu wa nyumba yake pamoja nawe. Akipungukiwa, raia au mkaazi wa kudumu mwingine anaweza kuwa mdhamini wa pamoja. Mtu huyo aelezwe wazi kabla ya kutia sahihi kwamba udhamini ni mkataba na kwamba talaka haiufuti.

Swali: Niliwahi kuishi Marekani miaka miwili baada ya muda niliopewa kwisha, nikaondoka mwenyewe. Nikikaa kimya watajua?

Jibu: Usikae kimya. Kwa sheria ya mwaka 1996, aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 kisha akaondoka huzuiwa miaka 3, na aliyekaa mwaka mmoja au zaidi huzuiwa miaka 10 tangu siku ya kuondoka. Kizuizi hiki kinaweza kuombewa msamaha kwa fomu I-601, ikiwa mwenzi wako raia ataumia kupita kiasi. Uongo juu yake huongeza kizuizi kingine kisicho na ukomo. Wewe tafuta wakili wa uhamiaji kabla ya usaili.

Swali: Nimetoka usailini na karatasi inayosema nimekataliwa kwa kifungu 221(g). Mke wangu analia, anasema twende mahakamani.

Jibu: Mtulize kwanza. Neno la kisheria ni kukataliwa, lakini kwa vitendo karatasi hiyo ina maana kwamba jalada halijakamilika. Itazame kwa makini: kama kuna hati iliyowekewa alama, wamekudai hati hiyo, na unao mwaka mmoja wa kuiwasilisha kabla hujalazimika kuanza upya na kulipa tena. Peleka kilichoombwa, kwa njia iliyoandikwa, na ubaki na nakala. Kama imeandikwa kwamba jalada linafanyiwa uchunguzi wa kiutawala, hakuna cha kupeleka ila kusubiri, na muda wake hautabiriki, ndiyo maana nawasihi watu wasiache kazi wala kununua tiketi kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti.

Likitokea la kutiliwa shaka ndoa yenyewe, ombi hurudishwa kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji, na mkeo hupewa nafasi ya kujibu kwa maandishi. Hapo ndipo nguvu zenu ziende. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwezi Juni 2024 kwamba raia hana haki ya kikatiba ya kudai mwenzi wake mgeni aruhusiwe kuingia nchini. Ulikuwa uamuzi mchungu kwa familia nyingi.

Swali: Nimepata viza! Sasa nini?

Jibu: Hongera sana, nimefurahi kwa ajili yenu. Hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa viko sawa, na uingie kabla ya siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye viza, ambayo mara nyingi haizidi miezi sita. Kama umepewa bahasha iliyofungwa, ibebe mkononi, si kwenye sanduku, umkabidhi afisa wa uhamiaji uwanjani ikiwa vile vile ilivyofungwa.

Kama siku ya kuingia ndoa yenu haitakuwa imetimiza miaka miwili, utapewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili, kanuni iliyowekwa na sheria ya mwaka 1986. Kuondoa masharti hayo mtajaza pamoja fomu I-751 ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi yako ya ukaazi haijaisha muda. Kadi ikifika, hesabuni siku 90 kurudi nyuma kutoka tarehe iliyoandikwa juu yake, mwandike siku hiyo mahali mnapopaona nyote wawili.